Maswali ya Wasomaji: Jaribio Gani Linaonyesha Kuwa Kitu Kina Uhai?

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa walimu wa sayansi, na karibu zote zinazunguka jambo moja. Wanafunzi huzitaja sifa saba za viumbe hai bila kukwama, yaani kujilisha, kupumua, kukua, kujongea, kuhisi, kuzaliana na kutoa takamwili, lakini wakikabidhiwa chupa na mbegu ili waonyeshe moja tu kati ya sifa hizo, jaribio huenda kombo au hufanikiwa kwa namna ambayo haithibitishi chochote. Tumechagua barua tano na kuzifupisha, na majina ya waandishi tumeyahifadhi.

Ninafundisha Sayansi darasa la tano mkoani Tanga. Wanafunzi wangu walitia hamira, sukari na maji ya uvuguvugu ndani ya chupa, wakavisha puto kwenye mdomo wake, na puto likajaa. Wote wakaandika kuwa hamira ni kiumbe hai kwa sababu inapumua, nami nikawapa alama zote. Mwalimu mwenzangu anasema jaribio hilo halikuthibitisha kitu. Nani kati yetu yuko sahihi?

Mwenzako yuko karibu zaidi na ukweli, ingawa jaribio lenyewe ni zuri na halistahili kuachwa. Puto lililojaa linaonyesha kwamba gesi imetoka, basi. Ukitaka kuona udhaifu wa hoja ya wanafunzi wako, tia baking poda mahali pa hamira: gesi itatoka vilevile, tena kwa kasi zaidi, na hakuna atakayesema baking poda ni kiumbe hai. Hata ukiipitisha gesi hiyo kwenye maji ya chokaa hutapata msaada, kwa kuwa hamira na baking poda zote mbili hutoa kabonidayoksaidi, na maji ya chokaa yatageuka meupe kama maziwa katika kila chupa.

Kwa hiyo rudia jaribio kwa chupa nne zinazolingana ukubwa, kila moja ikiwa na maji ya uvuguvugu ya kiasi kilekile. Chupa ya kwanza iwe na kijiko cha chai cha hamira na vijiko viwili vya sukari. Ya pili iwe na hamira bila sukari. Ya tatu iwe na sukari pamoja na hamira iliyochemshwa kwa dakika kadhaa kisha ikaachwa mpaka ikafikia uvuguvugu wa wenzake, na ya nne iwe na sukari na baking poda. (Baking poda itiwe kwanza ndani ya puto, puto livishwe, ndipo unga umwagiwe ndani ya chupa, mkichelewa, gesi yote itakuwa imekwenda zake kabla puto halijavishwa.) Kabla ya kumwaga chochote, kila kikundi kiandike kinabashiri nini kwa kila chupa na kwa nini. Baada ya hapo wapime mzunguko wa kila puto kwa uzi na rula kila baada ya dakika tano, kwa muda wa saa nzima.

Watakachokiona ni mienendo tofauti ya gesi ileile. Puto la baking poda huvimba mara moja na kusimama, kwa sababu ni kemikali mbili zilizokutana na maji na kumalizana. Puto la hamira na sukari halifanyi kitu mwanzoni, kisha huanza kuvimba polepole na kuendelea. Lile la hamira isiyo na sukari huweza kuvimba kidogo sana, na msishangae likivimba, maana chembe za hamira zina akiba yake ya chakula. La hamira iliyochemshwa hubaki limelegea. Hapo mwanafunzi ana haki ya kusema kwamba kilichotoa gesi kinahitaji chakula, kinachukua muda na kinaharibiwa na joto kali, jambo ambalo ni zito kuliko kusema puto limejaa. Ukipata nafasi ya kuendelea kesho yake, wachote kijiko kimoja kutoka chupa ya kwanza na kukitia katika maji mapya ya sukari, wafanye hivyo pia kwa chupa ya baking poda, walinganishe ni ipi inayoendelea kutoa gesi. Waoka mikate wa zamani, walioacha donge la unga uliochachuka ili liumue unga wa siku inayofuata, walikuwa wakilifanya jaribio hilo kila siku.

Tahadhari moja kwa ajili yako wewe mwalimu, si lazima kwa watoto: ndani ya chupa iliyozibwa oksijeni huisha mapema, na hamira huendelea kuvunja sukari bila oksijeni na kutengeneza alkoholi pamoja na kabonidayoksaidi. Ni upumuaji usiotumia oksijeni, na mwanafunzi asije akadhani kwamba hamira huvuta hewa kama anavyovuta yeye.

Wala wanafunzi wako wasione aibu, kwa sababu swali hilihili limewahi kuwagawa wataalamu. Mwaka 1976 vyombo viwili vya Marekani, Viking 1 na Viking 2, vilitua kwenye sayari ya Mirihi vikiwa na majaribio ya kutafuta uhai katika udongo. Katika mojawapo ya majaribio hayo, udongo ulidondoshewa virutubisho vyenye kaboni yenye mnururisho, na gesi yenye kaboni hiyo ikatoka. Udongo mwingine uliotangulia kupashwa joto la nyuzi 160 za Selsiasi haukutoa gesi ya namna hiyo. Kwa mpango wa jaribio lenyewe, hilo lilikuwa jibu la kuwepo uhai. Hata hivyo, chombo kingine kilichokuwa palepale hakikupata katika udongo huo viambata vya kaboni ambavyo viumbe wangetarajiwa kuwa navyo, na wanasayansi wengi wakaamua kwamba gesi ilitokana na kemikali kali za udongo, ambazo nazo huharibika kwa joto. Mwaka 2008 chombo cha Phoenix kilikuta katika udongo wa Mirihi chumvi za pakloreti, ambazo zikipashwa joto huweza kuharibu viambata vya kaboni, na mjadala ukapata sura mpya. Chupa yako ya baking poda ndiyo iliyokosekana Mirihi: kitu kisicho na uhai kinachojulikana kutoa dalili ileile, kiwekwe kando ya kile kinachochunguzwa.

Kuhusu alama ulizokwisha kutoa, usiwanyang'anye watoto. Warudishie swali kwa maneno haya: "Je, kuna kitu kisicho hai kinachoweza kujaza puto?", halafu uwape alama mpya kwa jaribio jipya.

Katika shule yetu ya sekondari mkoani Morogoro tuliweka maharage yanayoota ndani ya mtungi uliofungwa pamoja na kikombe cha maji ya chokaa, na katika mtungi wa pili tukaweka maharage yaliyochemshwa. Baada ya siku mbili maji ya chokaa yalikuwa meupe katika mitungi yote miwili. Wanafunzi walicheka wakasema hata maharage yaliyopikwa yana uhai. Nifanye nini?

Wanafunzi wako wameona jambo la kweli, ila wamelihusisha na kiumbe asiyehusika. Ndani ya mtungi wa pili kulikuwa na uhai: bakteria na kuvu walioangukia maharage laini, yenye unyevu na yaliyojaa chakula. Mpishi yeyote anajua kwamba maharage yaliyolala bila kupashwa moto huchacha, na kinachoyachachusha ni vijidudu vinavyopumua kama mbegu zinavyopumua.

Kasoro hii ina historia ndefu. Kwa karne nyingi watu waliamini kwamba nyama inayooza huzaa funza, mpaka mwaka 1668 daktari Mwitaliano Francesco Redi alipoweka nyama katika vyombo, vingine akaviacha wazi na vingine akavifunika kwa kitambaa chepesi kinachopitisha hewa lakini si nzi. Nyama ilioza kote, lakini funza walipatikana ndani ya vile tu ambavyo nzi waliweza kuvifikia. Redi hakuuliza kama kulikuwa na uhai kwenye nyama, kwa sababu hilo lilionekana kwa macho. Aliuliza uhai huo ni wa nani. Darasa lako limefika kwenye swali hilohilo, na mimi ningelitumia kipindi kizima hapo kabla ya kurekebisha chochote.

Marekebisho yenyewe ni mepesi. Loweka mbegu zote, zinazoota na zilizochemshwa, kwa dakika chache katika maji yaliyotiwa dawa kidogo ya kuulia vijidudu kama Jik, kisha zisuuze kwa maji yaliyochemshwa na kupoa. Ni muhimu makundi yote mawili yapitie dawa, kwa kuwa ukiwatia dawa wafu peke yao, tofauti utakayoipata inaweza kuwa ya dawa, nayo si ya uhai. Punguza muda pia: maharage yaliyokwisha kutoa mizizi huyageuza maji ya chokaa mapema, hivyo soma matokeo kila baada ya saa chache na ufunge jaribio siku ileile, kabla vijidudu havijajikusanya. Weka na mtungi wa tatu wenye changarawe safi, maana hewa ya kawaida ina kabonidayoksaidi ya takriban asilimia 0.04, na mwanafunzi mwenye akili atauliza kama weupe haukutokana na hewa iliyofungiwa humo tangu mwanzo.

Mkipenda kuonyesha joto mahali pa gesi, chukueni chupa mbili za chai zinazofanana, moja ya mbegu zinazoota na nyingine ya zilizochemshwa, zote zikiwa zimepitia dawa. Chomekeni kipimajoto, zibeni kwa pamba ili oksijeni ipite, na ziacheni zikiwa zimegeuzwa mdomo chini ili kabonidayoksaidi, ambayo ni nzito kuliko hewa, ipate njia ya kutoka. Joto la mbegu hai litapanda. Likianza kupanda na lile la mbegu zilizochemshwa baada ya siku kadhaa, darasa zima litakuwa linajua ni akina nani walioingia.

Ninafundisha Sayansi Jumuishi katika Gredi ya Saba mjini Kisumu, na nina wanafunzi sitini. Natakiwa kutathmini majaribio yao kwa viwango vinne, lakini najikuta nikiwapa kiwango cha juu wale wenye michoro nadhifu na majibu yanayolingana na kitabu. Juzi msichana mmoja aliandika kwamba alipopuliza pumzi ndani ya maji ya chokaa yaligeuka meupe, kisha yakawa maangavu tena. Nilimweka katika kiwango cha kukaribia matarajio. Je, kuna njia bora zaidi?

Mwalimu, tuanze na huyo binti, kwa sababu anastahili kupandishwa. Pumzi tunayoitoa ina kabonidayoksaidi ya takriban asilimia 4, na gesi hiyo ikikutana na maji ya chokaa hutengeneza kalisi kaboneti, ule unga mweupe unaoelea. Ukiendelea kupuliza, gesi inayozidi hugeuza unga huo kuwa kalisi haidrojenikaboneti, ambayo huyeyuka majini, na maji hurudi kuwa maangavu. Kitabu husimama kwenye weupe kwa sababu mwandishi aliacha kupuliza. Msichana wako hakuacha, akaandika alichokiona ijapokuwa hakikulingana na kilichotarajiwa, na huo ndio uwezo adimu kuliko yote tunaodai kuupima.

Mfano wake unaonyesha tatizo la mizani yako. Alama zinapotolewa kwa kupatia jibu, mwanafunzi mwerevu hujifunza kuandika jibu kwanza na matokeo baadaye, na jaribio hubaki kuwa maigizo. Mimi hugawa alama kumi hivi: mbili kwa swali linaloweza kujibiwa kwa vifaa vilivyopo, tatu kwa chombo cha kulinganishia na kwa kueleza ni mambo gani yalifanywa kuwa sawa, mbili kwa kumbukumbu zenye muda na vipimo, na tatu kwa hitimisho ambalo halizidi ushahidi. Jibu kulingana na kitabu halina alama hata moja. Mchoro nadhifu una nafasi yake ndani ya zile mbili za kumbukumbu, wala hautoki hapo.

Sehemu ngumu kuipima ni hitimisho, basi nikupe majibu mawili ya aina unayokutana nayo kila muhula. La kwanza: "Jaribio limethibitisha kuwa mbegu ni kiumbe hai kwa sababu kiumbe hai hupumua." La pili: "Maji ya chokaa yaligeuka katika mtungi wa mbegu zinazoota, hayakugeuka katika mtungi wa zilizochemshwa wala wa changarawe, kwa hiyo naona mbegu zinazoota zilitoa kabonidayoksaidi, sijui kama mbegu kavu nazo hutoa." La kwanza linasomeka vizuri lakini lingeweza kuandikwa na mtu ambaye hakuwapo darasani siku hiyo, kwa hiyo nalipa alama moja. La pili napenda kulipa tatu, na ile "sijui" ya mwisho ndiyo inayonishawishi, kwa kuwa mwandishi wake amejua mahali ushahidi unapokomea na tayari ana swali la jaribio linalofuata. Kwa viwango vyenu vinne, huyo wa pili amezidisha matarajio.

Kuhusu wingi wa wanafunzi, usisome ripoti sitini. Waweke katika vikundi vya watano, kila kikundi kiandike ukurasa mmoja, kisha upite mezani umwulize mwanafunzi mmoja, asiyechaguliwa na wenzake, swali moja la mdomo: "Mtungi huu wa pili mmeuweka wa nini?" Asiyeweza kujibu hakushiriki, hata kama jina lake limo kwenye karatasi.

Katika mtihani wa majaribio niliuliza: "Taja kitu kimoja kisicho hai na ueleze kwa nini." Mwanafunzi akajibu kwamba moto ni kiumbe hai, maana unakula kuni, unahitaji hewa, unakua, unatoa moshi na kuzaa moto mwingine. Nilimpa sifuri. Mzazi wake amekuja shuleni kulalamika. (Mwalimu, Dodoma)

Kwa swali jinsi lilivyoulizwa, hakulijibu, na sifuri unaweza kuitetea. Lakini mzazi ana hoja, na kosa la msingi liko kwenye swali. Ulimfundisha mtoto orodha, naye akaitumia kwa uaminifu kuliko wenzake walioandika "jiwe" bila kufikiri.

Kufanana alikokuona si kwa kubahatisha. Mwaka 1771 Joseph Priestley wa Uingereza aligundua kwamba hewa ambayo mshumaa umezimikia ndani yake hurudishiwa uwezo wa kuwasha mshumaa baada ya kuwekewa tawi la mnanaa kwa siku kadhaa, na miaka kumi na kitu baadaye Mfaransa Antoine Lavoisier alipima joto la panya wa Guinea na la makaa yanayoungua, akafikia kusema kwamba kupumua ni namna ya kuungua polepole. Kwa upande mwingine, mbegu kavu iliyo kwenye ghala haionyeshi kwa macho hata sifa moja kati ya zile saba. Mbegu ya mtende iliyofukuliwa huko Masada, ngome ya kale nchini Israeli, katika miaka ya 1960, yenye umri wa takriban miaka 2,000, ilipandwa mwaka 2005 ikaota. Ukitumia orodha kwa kuweka alama ya vema tu, moto utafaulu na mbegu itafeli.

Kinachoutenganisha moto na kiumbe ni mambo ambayo orodha haiyataji waziwazi: hauna chembe hai, haujengi mwili wake kwa kile unachokila, na moto unaozaliwa haurithi chochote kutoka kwa mama yake, maana moto wa kuni ukiwasha karatasi huwa moto wa karatasi. Hali ni hiyohiyo kwa chumvi katika mashamba ya chumvi ya Bagamoyo, ambako fuwele hukua kadiri maji ya bahari yanavyokauka. Fuwele hukua kwa kubandikwa tabaka za nje za kitu kilekile kilichokuwa ndani ya maji, ilhali mche wa mahindi huchukua maji, hewa na madini na kuvigeuza kuwa jani.

Safari nyingine uliza hivi: "Moto unaonyesha baadhi ya sifa za viumbe hai. Taja mbili, kisha ueleze jambo moja linalokufanya useme si kiumbe hai." Na huyo mwanafunzi mwite, mwambie alitetee jibu lake mbele ya darasa.

Wanafunzi wangu wanataka kuchunguza kuhisi na kujongea kwa konokono na jongoo, na mmoja wao amependekeza tuwamwagie chumvi tuone watakavyofanya. Je, inafaa? (Mwalimu, Unguja)

Haifai. Chumvi humnyonya konokono maji ya mwilini na kumuua kwa mateso, na kisayansi haionyeshi kuhisi zaidi ya inavyoonyesha kwamba chumvi inaua. Mkitaka kuona mwitikio wa haraka bila kuumiza yeyote, tafuteni kifauongo, mmea unaokunja majani yake unapoguswa. Wanafunzi wapime kwa saa muda ambao mmea huchukua kuyafungua tena, kisha wauguse mara kwa mara waone kama mwitikio unabadilika.

Kwa jongoo, chukua boksi pana la karatasi, upande mmoja utandaze kitambaa chenye unyevu na wa pili kitambaa kikavu, mwanga ukiwa sawa pande zote. Weka jongoo kumi katikati, funika kwa wavu, na wanafunzi wahesabu kila dakika mbili ni wangapi wako upande upi. Jongoo mmoja hatoshi, kwa sababu anaweza kuwa amechoka au amepotea njia tu. Kisha geuzeni boksi na kurudia, ili mhakikishe kwamba hawakuvutwa na dirisha badala ya unyevu. Giza na mwanga vichunguzwe siku nyingine, unyevu ukiwa umesawazishwa. Ukichanganya vyote kwa mara moja, upande wenye giza na unyevu utajaa jongoo na hutajua walifuata kipi.

Wanafunzi wasiwashike kwa mikono mitupu, maana jongoo hutoa majimaji yanayowasha ngozi na kuumiza macho, na konokono wakubwa wanaweza kubeba vimelea. Mikono ioshwe kwa sabuni mara kazi inapokwisha, na wanyama warudishwe walikookotwa kabla ya jua kuwa kali.